Wernigerode: Mji Uliojengwa kwa Msitu

Wernigerode ni mji wa wakazi wapatao 32,000 katika jimbo la Sachsen-Anhalt, Ujerumani ya kati, takriban kilomita 200 kusini-magharibi mwa Berlin. Upo pale ambapo tambarare inakoma na milima inaanza. Upande wa kaskazini kuna mashamba ya ngano na viazisukari mpaka upeo wa macho. Upande wa kusini, nyumba za mwisho zimeegemea msitu. Milima hiyo huitwa Harz, jina lililotokana na neno la Kijerumani cha kale, Hart, lenye maana ya msitu wa mlimani. Safu yake ina urefu wa kilomita 110 hivi, na upana wa kati ya kilomita 30 na 40. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Brocken, kina mita 1,141. Kwa mtu wa Usambara hicho si kimo cha kutisha, maana mji wa Lushoto wenyewe uko juu zaidi. Lakini kaskazini yote ya Ujerumani haina mlima mrefu kuliko huo, na baridi yake ni ya mlima mkubwa.

Hata jina la mji limetoka msituni. Vijiji na miji mingi ya Harz ina majina yanayoishia kwa -rode, yaani mahali palipofyekwa: Elbingerode, Harzgerode, Wernigerode. Walowezi wa karne za kati walikata miti, wakang'oa visiki, wakalima na kujenga. Wernigerode inatajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya mwaka 1121, wakati watawala wa eneo walipoanza kujiita kwa jina hilo, na mwaka 1229 ikapewa haki za mji, ndipo wafanyabiashara na mafundi wake wakaanza kujiamulia mambo yao ya soko na mahakama.

Anayeingia mtaa wa kale hukutana kwanza na nyumba zenye michoro ya mistari: miti ya rangi ya kahawia au nyekundu iliyopita wima, mlalo na mshazari juu ya kuta nyeupe, za manjano au za buluu. Mistari hiyo si mapambo. Ndiyo mifupa ya nyumba. Wajerumani huita ujenzi huo Fachwerk, na mtu aliyekulia katika nyumba ya miti na udongo ya Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu kuuelewa. Kwanza husimamishwa kiunzi cha nguzo na boriti, mara nyingi za mwaloni. Katikati ya nguzo husukwa fito, kisha hukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu ya nafaka, na mwisho ukuta hupakwa chokaa. Jambo linalowatofautisha mafundi wa Harz ni useremala. Boriti hazikufungwa kwa kamba wala kupigiliwa misumari ya chuma. Ncha ya boriti moja ilichongwa ulimi, nyingine ikatobolewa tundu, vikaunganishwa na kuzuiwa kwa kijiti kigumu. Kiunzi chote kilipangwa kwanza chini uwanjani, kila kipande kikatiwa alama kwa patasi, kisha kikafunguliwa na kusimamishwa upya kiwanjani. Kwa kuwa kila boriti inaweza kutolewa na kubadilishwa peke yake, nyumba ya namna hiyo huishi karne nyingi, mradi paa lake lisivuje.

Ghorofa za juu hujitokeza mbele kidogo kuliko ya chini. Hivyo vyumba vya juu hupata nafasi zaidi, na ukuta wa chini hukingwa na mvua. Chini ya kila ghorofa, kwenye boriti ndefu iliyoelekea barabarani, mwenye nyumba alichongesha jina lake, mwaka wa ujenzi, na aghalabu maneno ya kumwomba Mungu aikinge nyumba na moto. Ombi hilo lilikuwa na sababu. Mji wa miti huogopa moto kuliko vita, na Wernigerode iliungua sehemu zake zaidi ya mara moja.

Ukumbi wa mji, unaotazama soko, ndio jengo linalopigwa picha kuliko yote. Ulianza kama nyumba ya michezo, karamu na hukumu, iliyotajwa mwaka 1277, na umbo lake la sasa, lenye minara miwili myembamba iliyochongoka mbele, lilikamilika mwaka 1498. Hatua chache kutoka hapo iko nyumba iliyoinama, kinu cha maji cha mwaka 1680 ambacho msingi wake ulimomonyolewa na mfereji uleule uliokuwa ukikizungusha. Katika barabara ya Kochstraße ipo nyumba ndogo kuliko zote mjini. Upana wake haufiki mita tatu, imebanwa kati ya majirani wawili, na sasa ni jumba la makumbusho. Hizo ndizo hupendwa na wageni, lakini kwa ufundi nyumba ya Krummel, ya mwaka 1674, inazipita zote. Tajiri mmoja mfanyabiashara wa nafaka aliifunika mbele yote kwa mbao za kuchonga, na katika sanamu hizo mchongaji aliweka mabara ya dunia kwa sura za wanadamu, Afrika ikiwemo. Alichonga bara lililokuwa kwake habari tu ya kusikia, na mtazamaji kutoka Afrika ana kila haki ya kusimama hapo na kujiuliza fundi yule alidhani anachonga nini.

Madirishani, nyuma ya vioo, mara nyingi hukaa kikopo chenye ua dogo la zambarau ambalo karibu kila Mjerumani analijua kwa jina la Usambaraveilchen. Ni ua la kwetu kweli. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa Tanga, alilikuta milimani Usambara na kupeleka mbegu kwa baba yake. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea wa Hannover, Hermann Wendland, alilipa jina la kisayansi kwa heshima ya familia hiyo. Kwao, porini, maua hayo leo yamo hatarini kwa sababu misitu yake inakatwa, ilhali huku Ulaya huuzwa hata madukani mwa vyakula.

Juu ya mji, kilimani, iko ngome ya watawala wa zamani. Ukoo wa kwanza ulikoma mwaka 1429, na urithi ukaenda kwa ukoo wa Stolberg. Minara inayoonekana leo si ya kale kama inavyodhaniwa. Sehemu kubwa ilijengwa upya katika nusu ya pili ya karne ya 19 kwa amri ya Otto zu Stolberg-Wernigerode, aliyekuwa naibu wa Kansela Bismarck, kwa mtindo wa kuiga karne za kati. Faida kubwa ya kupanda huko ni kuona. Ukisimama kwenye baraza la ngome, mapaa mekundu yapo chini, na ng'ambo ya bonde milima inapanda ngazi kwa ngazi mpaka Brocken.

Njia ya kufika huko ipo ya miguu na ipo ya reli. Reli ya Harz, yenye mtandao wa kilomita 140, ina upana wa mita moja kati ya pau zake, sawasawa na reli ya zamani ya Tanga, ya Kati na ya Mombasa. Wajenzi wa reli za milimani waliupenda upana huo kwa sababu moja: reli nyembamba hupinda kona kali, kwa hiyo haihitaji madaraja na mahandaki mengi. Sehemu ya Brocken ilifunguliwa kati ya mwaka 1898 na 1899, na mpaka leo treni zake huvutwa na vichwa vya mvuke, vingi vikiwa vya miaka ya 1950. Treni huanza mjini kwenye kimo cha mita 234, ikapita nyuma ya bustani za watu, ikaingia msituni, na baada ya muda unaokaribia saa mbili husimama kwenye stesheni ya mita 1,125. Hakuna meno wala mnyororo wa kuivuta. Ni magurudumu tu na pau, na karibu na kilele njia huuzunguka mlima kama kilemba kabla ya kufika. Mlio wa mvuke husikika mabondeni kabla treni yenyewe haijaonekana.

Abiria anayetazama nje huona kitu ambacho miaka kumi iliyopita hakikuwapo: miteremko mizima ya miti mikavu ya kijivu, imesimama bila majani wala magome, na chini yake majani mabichi ya miti michanga. Ili kuelewa jinsi msitu wa Harz ulivyofika hapo, ni lazima kurudi kwenye migodi.

Harz ina fedha, shaba, risasi na zinki. Katika mlima Rammelsberg, juu ya mji wa Goslar, madini yalichimbwa kwa zaidi ya miaka 1,000 mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1988. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1992. Fedha ya Harz iliwatajirisha wafalme, na gharama yake ililipwa na miti. Kabla ya baruti, wachimbaji waliwasha moto mkubwa ndani ya mgodi ili mwamba upasuke kwa joto. Mashimo yalizuiwa yasiporomoke kwa mihimili ya miti. Mawe ya madini yaliyeyushwa kwa mkaa, na mkaa ulichomwa msituni na watu walioishi miezi mingi kando ya matanuri yao, wakiyafunika kwa udongo na kuyalinda usiku na mchana yasilipuke kuwa moto. Kazi yao ilikuwa ileile ya mchoma mkaa wa Handeni au Kitui, isipokuwa iliendelea milimani humo kwa karne nyingi. Kufikia karne ya 17 na ya 18, sehemu kubwa ya milima ilikuwa vichaka na vipara.

Msitu wa asili katika miteremko ya chini ulikuwa hasa wa mti uitwao Buche, wenye shina laini la kijivu na majani mapana yanayopukutika majira ya baridi. Msprusi, mti wa jamii ya msonobari, ulimiliki sehemu za juu tu, kuanzia mita 700 au 800. Lakini migodi haikuweza kungoja. Msprusi hukua upesi na kunyooka, na wachimbaji waliupenda kwa sababu nyingine ya uhai na kifo: muhimili wa msprusi hulia na kupasukapasuka kabla ya kuvunjika, hivyo huwapa watu nafasi ya kukimbia. Basi ukapandwa kila mahali, mistari kwa mistari, miti ya umri mmoja. Aliyepita katika mashamba ya misonobari ya Sao Hill, Mufindi, anaijua sura hiyo.

Kutokana na uhaba huo ilizaliwa elimu ya misitu. Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi wa Saxony, aliandika mwaka 1713 kwamba mti usikatwe zaidi ya unavyoweza kuota tena. Mwaka 1763, Hans Dietrich von Zanthier, aliyesimamia misitu ya mtawala wa Wernigerode, alianzisha mjini hapo shule ya misitu iliyokuwa miongoni mwa za kwanza Ujerumani, kisha akaihamishia Ilsenburg, mji jirani. Elimu hiyo ndiyo baadaye ilivuka bahari na wakoloni wa Kijerumani waliotenga misitu ya akiba Usambara, ikiwa na mema yake ya kuhifadhi na ubaya wake wa kuwafungia wenyeji msitu walimoishi.

Brocken kwenyewe hali ni nyingine. Wastani wa joto kwa mwaka ni kama nyuzi tatu tu, na ukungu hufunika kilele sehemu ya siku kwa zaidi ya siku 300 kila mwaka. Tarehe 24 Novemba 1984 upepo ulipimwa ukienda kilomita 263 kwa saa. Miti hukoma kidogo chini ya kilele kwa sababu haiwezi kuhimili. Jua likiwa chini na ukungu ukiwa upande wa pili, mtu aliyesimama kileleni anaweza kuona umbo kubwa la kivuli likielea hewani, limezungukwa na pete za rangi kama za upinde wa mvua. Ni kivuli chake mwenyewe kilichoangukia matone ya ukungu. Mchungaji na mwanasayansi Johann Silberschlag alikieleza mwaka 1780, na ulimwengu wa sayansi hukiita hadi leo jini la Brocken.

Si ajabu mlima kama huo kuzaa hadithi. Inasimuliwa kuwa usiku wa kuamkia Mei 1, wachawi wa nchi yote hukutana juu yake, na mshairi Goethe, aliyeupanda Desemba 1777 katika theluji, aliuweka mkutano huo ndani ya tamthilia yake Faust. Vijiji vya Harz husherehekea usiku huo kila mwaka kwa moto na mavazi ya kutisha. Nyuma ya sherehe lipo jambo zito: katika karne ya 16 na ya 17, wanawake wengi wa Ujerumani, wa Harz wakiwemo, walishtakiwa uchawi na kuchomwa moto. Wasomaji wa Usukuma, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizohizo, hawataliona kuwa ni hadithi ya mbali.

Kwa miaka 28 hakuna mwananchi wa kawaida aliyeweza kufika kileleni. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wernigerode iliangukia Ujerumani Mashariki, na mpaka na Ujerumani Magharibi ukapita karibu kabisa na Brocken. Vijiji vya Schierke na Elend viliingia katika eneo la ulinzi. Hata jamaa wa wakazi walihitaji kibali kuwatembelea. Agosti 1961 kilele kikafungwa kabisa. Wanajeshi wa Kisovyeti na idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki waliweka huko mitambo ya kunasa mawasiliano ya Magharibi, na baadaye kilele kilizungushiwa ukuta wa saruji. Jengo moja la wapelelezi lilikuwa na kuba kubwa, watu wakalibandika jina la msikiti. Ukuta wa Berlin ulianguka tarehe 9 Novemba 1989, lakini lango la Brocken lilibaki limefungwa. Tarehe 3 Desemba maelfu ya watu walipanda kwa miguu, wakasimama mbele ya lango wakidai lifunguliwe, na likafunguliwa. Treni ya abiria ilirudi mwaka 1991, askari wa mwisho wa Urusi waliondoka mwaka 1994, na jengo la kuba sasa ni jumba la makumbusho. Bustani ya mimea ya milimani iliyoanzishwa hapo mwaka 1890 nayo ilifufuliwa, na ina zaidi ya aina 1,000 za mimea kutoka milima mirefu ya dunia.

Kufungwa huko, pamoja na uchungu wake wote, kuliacha sehemu za msitu bila kuguswa. Hifadhi ya taifa ilitangazwa upande wa mashariki mwaka 1990, upande wa magharibi mwaka 1994, na mwaka 2006 zikaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Harz, yenye ukubwa wa karibu hekta 25,000.

Kisha ukaja ukame wa 2018, 2019 na 2020. Adui wa msprusi ni mbawakawa wa magome, mdudu wa milimita tano hivi. Dume hutoboa gome na kutoa harufu ya kuwaita majike. Jike huchimba njia ndefu chini ya gome na kutaga mayai pande zote mbili, na kila funza hujichimbia njia yake, wakikata mishipa inayopitisha chakula cha mti. Mifereji hiyo hufanana na mistari ya maandishi, ndiyo maana Wajerumani humwita mdudu huyo mpiga chapa wa vitabu. Mti wenye afya humzamisha kwa utomvu. Mti wenye kiu hauna utomvu. Na kwa kuwa kiangazi kirefu humpa mdudu nafasi ya kuzaa mara mbili hata tatu kwa mwaka, miteremko iliyopandwa mti mmoja wa umri mmoja ilikufa kwa pamoja. Sehemu kubwa mno ya misprusi ya hifadhi imekwisha.

Wenyeji wengi waliumia. Watu walioujua mlima ukiwa wa kijani tangu utotoni walidai miti mikavu ikatwe na mingine ipandwe mara moja. Katika sehemu kubwa ya hifadhi uamuzi ulikuwa kuiacha, kwa hoja kwamba kazi ya hifadhi ya taifa ni kuacha maumbile yafanye yao. Nje ya hifadhi wasimamizi wa misitu walifanya kinyume, wakakata, wakasafisha na kupanda mchanganyiko wa miti. Ubishi uliongezeka moto ulipowaka karibu na Brocken Septemba 2022, na tena Septemba 2024, na mamia ya watu kuondolewa kileleni. Hata hivyo kosa lenye uzito zaidi si la wanaoacha wala la wanaokata. Ni la zamani, la kuufanya mlima mzima kuwa shamba la mti mmoja, na waliolifanya walikuwa na njaa ya mkaa na mihimili, hawakuwa na namna ya kujua hali ya hewa ya karne ya 21.

Anayetaka kuyaona hayo kwa miguu hana kizuizi. Sheria ya misitu ya Ujerumani ya mwaka 1975 inampa kila mtu ruhusa ya kuingia msituni kupumzika, uwe wa serikali au wa mtu binafsi, ingawa ndani ya hifadhi ni lazima afuate njia. Njia hizo zimewekwa vibao na chama cha Harzklub, kilichoanzishwa mwaka 1886. Kutoka Wernigerode njia iliyo nzuri kuliko nyingine hupanda kando ya mto Holtemme, ambao katika bonde la Steinerne Renne huruka juu ya mawe makubwa ya matale. Hupita karibu na jabali la Ottofels, lililowekewa ngazi za chuma, kisha huendelea kupanda kuelekea Brocken. Njiani kuna visanduku vya mbao vyenye mihuri. Viko 222 katika Harz nzima, na mpandaji hugonga muhuri kwenye kitabu chake. Anayeimaliza yote hupewa cheo cha Kaisari wa Wapandaji wa Harz, na wazee wenye miaka zaidi ya 70 hukitafuta kwa bidii kama vijana.

Wanyama wa porini huonekana kwa shida. Linksi, paka mkubwa mwenye vishungi masikioni kama simbamangu, aliuawa wa mwisho mwaka 1818. Kati ya mwaka 2000 na 2006 waliachiwa 24 waliolelewa na binadamu, na sasa uzao wao umesambaa nje ya Harz. Miti iliyokufa imewafaa, kwa sababu mwanga unapofika chini, vichaka huota, paa huja kula, na linksi hupata windo na mahali pa kuvizia.

Kati ya mashina makavu imeshaota mibetula yenye magome meupe, mierebi, na miti midogo yenye vishada vya matunda mekundu ambayo mbegu zake hubebwa na ndege. Katika miteremko ya chini hifadhi imepanda michipukizi ya Buche, mti uliokuwapo kabla ya migodi. Juu zaidi, karibu na kilele, msprusi wenyewe unarudi bila kupandwa: shina la zamani likianguka na kuanza kuoza, mbegu huota juu ya mgongo wake, kwenye unyevu, na baada ya miaka michache huonekana safu ya misprusi midogo iliyofuata urefu wa mti uliolala.